Pombe ya Siku ya Tatu

Mzee niliyekaa naye benchi moja hakuuliza bei. Bei aliijua, ndiyo maana alikuwa kilabuni na si kwenye baa ya ng'ambo ya barabara. Alichouliza ni, "Mama, hii ya lini?" Mama akaigeuza pakiti, akasoma tarehe, akamjibu kwamba ni ya juzi. Mzee akaridhika. Akaitikisa kwa mikono miwili, akaichana kona, akamimina kwenye jagi la plastiki kinywaji kizito chenye rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa, povu dogo juu na harufu ya unga uliolala na maji.

"Onja, mwanangu," akaniambia. "Ya leo ni uji wa watoto. Ya siku tano ni siki. Hii ndiyo pombe."

Nilionja. Ukali wa kwanza hushika pembeni mwa ulimi, kama mtindi, kisha unakuja utamu wa nafaka, na mwisho chengachenga za mtama zinabaki kwenye meno. Anayetaka pombe chachu nzuri kwa pesa kidogo hana haja ya kwenda mbali. Ila historia yake imetembea kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Jina la Chibuku, au kibuku kama wengi tunavyolitamka Tanzania, lilizaliwa kwenye daftari. Miaka ya 1950, katika mji wa Kitwe kwenye ukanda wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mtu aitwaye Max Heinrich alikuwa akipika pombe ya nafaka kwa biashara. Inasimuliwa kwamba kila mpiko aliuandika kitabuni, pamoja na maoni ya wanywaji. Watu wakaiita pombe ya buku, na hiyo "chi" ya mwanzo ni ndugu wa "ki" yetu. Vijana wa Dar es Salaam, ambao kwao buku ni shilingi elfu moja, wana sababu yao ya kulipenda jina hilo.

Pombe yenyewe Heinrich aliikuta. Komoni ya Nyanda za Juu Kusini, busaa ya magharibi mwa Kenya, impeke ya Burundi, utshwala ya Wazulu: zote ni za ukoo mmoja, na zote zilikuwa mikononi mwa wanawake. Mtama au ulezi huloweshwa, huachwa uchipue, huanikwa, husagwa. Hicho ndicho kimea, na bila kimea hakuna pombe wala togwa.

Kiwanda kiliichukua kazi hiyo na kuiwekea kipimajoto. Kimea hutiwa kwenye maji ya nyuzi kama 50, joto linalowafaa bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi, huku wadudu wengi waharibifu wakishindwa kulivumilia. Ukipita usiku mmoja, uji umechacha. Huchemshwa pamoja na mahindi, hupozwa hadi nyuzi 60 hivi, halafu huongezwa kimea kingine, kwa kuwa kuchemsha kumekwisha kuua vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari. Huchujwa, hutiwa hamira, na hufungwa ikiwa bado inaumuka. Pakiti haizibwi kabisa. Huachiwa upenyo wa kutoa gesi, la sivyo ingepasuka dukani. Ndiyo maana mzee aliuliza siku. Ikitoka kiwandani ina kilevi kidogo mno, na kadiri siku zinavyokwenda hupanda hadi kama asilimia 4, uchachu nao ukipanda.

Hopsi, yale maua yanayoipa bia ya chupa uchungu na kuizuia isiharibike, humu hazimo. Kazi ya ulinzi inafanywa na uchachu wenyewe. Kwa hiyo anayesema kibuku "kimechacha" kana kwamba anakishtaki, amekisifu bila kujua.

Ulaya nako bia nyingi ziliwahi kuwa na ukali wa namna hii, kwa kutaka au kwa bahati mbaya. Mambo yalibadilika Louis Pasteur alipochapisha utafiti wake wa bia mwaka 1876 na kuuhesabu uchachu miongoni mwa magonjwa yake, kisha Emil Christian Hansen wa kiwanda cha Carlsberg, Copenhagen, akafanikiwa mwaka 1883 kukuza hamira safi ya aina moja. Tangu hapo bia chachu ikawa bia mbovu. Waliogoma walikuwa wachache. Mmoja wao ni Cantillon, kiwanda cha familia kilichoanza mwaka 1900 Brussels, ambacho hadi leo huacha maji ya kimea yapoe usiku kwenye sinia kubwa la wazi, yapokee hamira za hewani, kisha huyafungia kwenye mapipa hata miaka mitatu. Chupa zake hutafutwa dunia nzima, na bei yake si ya kilabuni. Sina ugomvi nayo. Miaka mitatu ya kusubiri lazima ilipiwe. Kinachonichekesha ni kwamba ulimi unaosifia ukali huo Brussels ukifika kwetu huagiza lager baridi.

Lakini pombe ya bei nafuu haikosi mtu wa kuichuma. Mwaka 1908 sheria ilipitishwa Natal, Afrika Kusini, iliyoruhusu manispaa kuhodhi upikaji na uuzaji wa pombe ya Waafrika. Durban ikaichangamkia. Mwanamke aliyekuwa akipika nyumbani akageuka mhalifu, na mumewe akatakiwa kwenda kuinunua pombe ileile kwenye kilabu cha manispaa. Faida ililipia mabweni ya vibarua na gharama za kuwasimamia Waafrika mjini, yaani mnywaji alikuwa akijinunulia minyororo kwa lita. Watawala wengine waliona hesabu hiyo ikikubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Nairobi nayo ilikuwa na kilabu chake cha manispaa, Pumwani.

Durban yenyewe haikutulia. Vilabu vilisusiwa mwaka 1929, na Juni 1959 wanawake wa mtaa wa Cato Manor waliingia kwenye kilabu cha manispaa, wakawatoa wanaume na kuimwaga pombe. Soweto ilipolipuka mwaka 1976, vilabu vya pombe vilikuwa kati ya majengo ya kwanza kuchomwa moto.

Kibuku cha Heinrich kiliangukia mikononi mwa Lonrho, kampuni ya Tiny Rowland iliyokuwa na mkono karibu kila mahali kusini na mashariki mwa Afrika. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliitimua Lonrho mwaka 1978. Kibuku hakikutimuliwa, na baadaye kampuni ya bia ya TBL ikawa mwanahisa mkubwa wa Darbrew, mpikaji wake wa Dar es Salaam. Zimbabwe walikitia kwenye chupa nene ya kahawia ya plastiki, wakaipa jina la utani la Scud kwa kombora la vita vya Ghuba.

Ni hukohuko Zimbabwe ambako mwaka 2012 ilitoka Chibuku Super. Hii hupashwa moto ili hamira ife, hutiwa gesi, hufungwa kwenye chupa na hukaa hata siku 21 bila kubadilika. Kwa mfanyabiashara ni neema, kwani lori linaweza kufika mikoani pombe ikiwa vilevile ilivyotoka kiwandani.

Kwa mgeni wa ladha hii, ningemshauri aanze na togwa iliyolala usiku mmoja, kisha kibuku cha siku ya pili, halafu ndipo ajaribu cha tatu. Atikise vizuri, maana utamu umezama chini. Na asinunue pombe ambayo muuzaji anasitasita kutaja ilipikwa lini.

Nilimweleza mzee habari za ile chupa ya siku 21. Alisikiliza huku akimalizia jagi, akalamba chenga za mtama kwenye mdomo wa juu, akanitazama kwa mashaka.

"Sasa hiyo," akauliza, "utajuaje imefikia lini?"