Sala na Haki katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika mwaka huu wa jubilei tumetakiwa kuandika habari za zamani za nchi yetu. Tumeona vema kuanza na swali ambalo vijana wa mafundisho hawaachi kutuuliza: mtu wa sala amfaa nini jirani yake wakati wa dhiki? Wamonaki huimba Zaburi kanisani mara nyingi kila siku, toka alfajiri hata usiku. Nje njaa yaua watu, na wenye nguvu wawaonea wanyonge. Swali hili si la dharau, wala halikuanza leo. Basi tutalijibu kwa mambo yaliyotokea hapa hapa kwetu, toka Kilwa hata Lindi, mazuri na mabaya pamoja, maana historia iliyofichwa nusu haimfundishi mtu.

Mwanzo wake hauna sifa. Mwezi wa Julai 1505 merikebu za Wareno zilitia nanga Kilwa Kisiwani, jemadari wao akiwa Francisco d'Almeida. Amiri Ibrahim, mtawala wa mji, akakimbia. Ndipo mapadre Wafransisko waliposhuka pwani, wakichukua misalaba miwili kwa maandamano na kuimba Te Deum, wakaenda hata jumba la mfalme. Msalaba ukawekwa, jemadari akasali. Sala ilipokwisha, askari wakaanza kuupora mji, bidhaa na vyakula pia. Habari hizi hazikuandikwa na adui wa Wareno, bali na mtu aliyekuwamo katika safari yao, naye aliona yote ni sawa. Wakajenga ngome wakaiita Santiago, yaani Mtakatifu Yakobo. Mwaka 1512 wakaiacha wakaenda zao, na Ukristo haukubaki nyuma yao.

Hatutaki kuwahukumu mapadre wale kupita kiasi. Lakini ndugu zetu Waislamu wa Kilwa wakitukumbusha siku ile, hatuna la kujibu. Wimbo wa shukrani uliimbwa ndani ya nyumba ambayo mwenyewe amekimbia, na walioimba hawakuuliza yuko wapi.

Ikapita miaka mia tatu na zaidi. Zamani za babu wa babu zetu, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika pwani hii. Wayao, Wanyasa, Wamakua na Wangindo waliletwa kwa misafara toka bara, shingo ndani ya makongwa. Katika daftari za forodha ya Kilwa, toka 1862 hata 1867 peke yake, waliandikwa watumwa zaidi ya 90,000 waliopakiwa majahazini, wengi wao kwenda Unguja. Waliokufa njiani hawakuandikwa na mtu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Sasa twawataja wenzetu Waanglikana wa misheni ya UMCA. Hao si wa jimbo letu, lakini haki yao tusiwanyime. Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kujenga kanisa mahali palipokuwa soko la watumwa pale Mkunazini, alitambua kwamba mtu aliyefunguliwa pingu bila kupewa ardhi bado hajawa huru. Kwa hiyo mwaka 1876 alishuka Lindi pamoja na watu waliokombolewa, wapata hamsini, wanaume na wanawake, akafuatana nao kwa miguu kwenda bara. Nia yake ilikuwa kuwarudisha hata nchi za Nyasa. Walipofika Masasi, wenyewe wakaiona nchi ni njema, wakasema hapa ndipo petu. Askofu akakubali. Jambo hili latupendeza kuliko mengi: watu ambao muda mrefu waliamuliwa na wengine wapi wakae na wapi wapelekwe, siku ile waliamua wenyewe, na mchungaji wao akawasikiliza. Hapo wakalima, na mahali pa sala pakasimama kati ya mashamba. Mwaka 1882 Wangoni waitwao Magwangwara waliushambulia mji huo, wakachukua mateka. Padre Porter hakukaa kuwaombea tu. Alifunga safari ndefu kuwafuata ili awakomboe. Na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alipewa upadre, akatumika Chitangali, katika nchi za Ruvuma.

Wabenedikto wa Mtakatifu Ottilia walifika katika nchi yetu baadaye: Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896. Kanuni ya baba yao Benedikto yaagiza sala kwa saa zake, na kazi ya mikono kwa saa zake. Yaagiza pia kwamba mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na mgonjwa atumikiwe vivyo hivyo. Hayo ni maneno mazuri. Lakini mafundisho yao yalifika pamoja na serikali ya Wadachi, na hapo ndipo penye uzito wa habari yetu.

Toka mwaka 1902 serikali iliamuru mashamba ya pamba ya watu wote katika wilaya kadha wa kadha za pwani, nayo yakawa chini ya majumbe na maakida. Raia aliitwa kulima siku 28 kwa mwaka, mara nyingi wakati ule ule ambapo shamba lake mwenyewe lilimhitaji. Baada ya mavuno ya kwanza, katika wilaya ya Dar es Salaam, kila mtu alipewa senti 35. Wengi walikataa hata kuzipokea. Juu ya hayo palikuwa na kodi, na kiboko. Misheni ilifundisha kwamba kazi ni sala. Ni kweli. Ila kazi ya shamba la jumbe haikuwa sala, na hatuoni kwamba mtu mwenye alama za kiboko mgongoni angeweza kuzitenga kazi mbili hizo kwa urahisi.

Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, wilaya ya Kilwa, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa mashina ya kwanza ya pamba. Hivyo vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa na kuyaunganisha makabila, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Siku kumi baadaye, tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss aliuawa Mikukuyumbu, karibu na Liwale, alipokuwa safarini kwenda Peramiho, na pamoja naye mabruda wawili na masista wawili. Misheni za Lukuledi na Nyangao zikateketezwa. Tarehe 28 Agosti mapadre na masista walipoikimbia Nyangao, Sista Walburga Diepolder aliuawa.

Sisi tulio wajukuu wa pande zote mbili hatuna budi kusema kweli hapa. Wale watano wa Mikukuyumbu hawakuwa na pamba wala kiboko. Walikuwa watu wa sala, wakafa na damu yao ikamwagika katika udongo wetu. Na wale waliowaua walikuwa watu walioonewa. Kwa macho ya mtu wa shambani, Mzungu wa boma na Mzungu wa misheni walikuwa wa rangi moja na lugha moja, na ni nani aliyekuwa amempa sababu ya kuona tofauti? Tukiwaheshimu wafia dini na kuwasahau waliochapwa, tumesoma ukurasa mmoja tu wa kitabu.

Kisha ikaja njaa, nayo haikuja yenyewe. Kapteni von Wangenheim alishauri waziwazi kwamba njaa tu ndiyo itakayowashinda waasi. Basi askari wakachoma ghala na mazao. Wadachi wenyewe walihesabu waliokufa katika vita na njaa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamesema hata 250,000 au zaidi. Wangindo walitawanyika, na sehemu kubwa ya nchi ya Liwale ikarudi kuwa pori la wanyama.

Katika nchi iliyofanywa hivyo, Wabenedikto walirudi. Mwaka 1906 walianza Ndanda. Huko kanuni ya kumtumikia mgonjwa ilipata miguu na mikono. Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, alifika katika miaka ya 1920, akatumika miaka mingi. Na wenye ukoma, ambao jamaa zao wenyewe waliwaogopa, walipata makao na matibabu Mwena. Sista huyo hakuacha vipindi vya sala ili awahi vidonda, wala hakuacha vidonda ili awahi sala. Namna alivyozigawa saa zake twawaachia masista waieleze, maana wao waijua vizuri kuliko sisi.

Tusiwasahau makatekista. Vita vya 1914–1918 vilipofika kwetu, hata Mahiwa, karibu na Nyangao, mwezi wa Oktoba 1917 maelfu walikufa au kujeruhiwa kwa siku nne. Wamisionari Wadachi wakakamatwa na Waingereza, wakaondolewa nchini. Walimu Waafrika, wengi wao bila mshahara, wakashika sala za Jumapili, wakafundisha watoto, wakazika wafu. Hata hivyo mlango wa monasteri ulikawia kufunguka kwa mtoto wa Kiafrika. Mwaka 1957 ndipo walipoanza wamonaki Waafrika, ambao nyumba yao ni Hanga, katika nchi ya Songea. Ndanda ilikawia zaidi. Hayo nayo ni habari ya haki, ingawa ni haki ya ndani ya nyumba, na twaiandika bila uchungu.

Leo Nyangao pana hospitali iitwayo kwa jina la Mtakatifu Walburga, jina lile lile la sista aliyeuawa mwaka 1905. Wagonjwa huja toka vijiji vingi vya mkoa wa Lindi, Waislamu na Wakristo. Wamo miongoni mwao wajukuu wa waliozichoma nyumba za misheni, nao hukaa benchi moja na wajukuu wa waliozijenga, wakingoja kuitwa.