Karani Asiyebembelezeka

Kariakoo ilipata jina lake kutoka kwenye kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, waliweka hapa kambi ya Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao hadi likawa letu. Mpagazi alipewa namba iliyochorwa kwenye kibati. Jina lake na la kijiji chake yaliandikwa kama yalivyoingia katika sikio la karani. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Vita vilipokwisha, mishahara mingi ya marehemu haikuwafikia jamaa zao. Daftari lilikuwapo, lakini mara nyingi maandishi yake hayakutosha kumpata mjane au ndugu wa marehemu.

Nililikumbuka daftari hilo hivi karibuni, nikiwa katika steshenari moja pembeni ya Mtaa wa Msimbazi. Nilikwenda kutoa nakala. Mbele yangu alikaa mama mmoja muuza vitenge, kijana wa dukani akimjazia fomu mtandaoni. Fomu ilidai majina matatu. Mama anayo mawili, lake na la baba yake, na ndiyo yaliyomo katika kitambulisho chake. Kitufe cha kutuma kilibaki cha kijivu, hakibonyezeki.

“Mama, tutie la babu?”

“Babu sikumjua, mwanangu. Na kwenye kitambulisho halimo.”

Kijana aliandika jina la baba mara mbili. Papo hapo kitufe kikageuka bluu.

Ni nani aliyekizuia kitufe kile? Si ofisa yeyote, wala taarifa zilikuwa hazijafika kwenye seva ya ofisi husika. Ilikuwa ni skripti, yaani maagizo mafupi yanayokuja pamoja na ukurasa na kutekelezwa ndani ya kivinjari cha mtumiaji. Skripti husikiliza kila herufi inayoandikwa na kila chaguo linalobofywa. Kisanduku kikiwa kitupu, inazima kitufe, kikijazwa, inakiwasha. Lugha ya kazi hiyo, JavaScript, iliundwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995, na ukaguzi wa fomu ulikuwa miongoni mwa matumizi yake ya mwanzo. Nia ilikuwa njema. Mtandao wa siku zile ulipita kwenye laini za simu na ulikuwa wa kujikokota; kuituma fomu, kungoja, kisha kuambiwa umesahau tarehe ya kuzaliwa lilikuwa jambo la kuchosha. Sisi tulioanza kutumia intaneti kabla ya mkonge wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009 tunakumbuka vema: mtu aliweza kulipia nusu saa nzima ya kuutazama ukurasa usiofunguka.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na chombo hicho. Ugomvi wangu ni na historia iliyojificha ndani yake.

Fomu katika jiji hili haijawahi kuwa karatasi tupu. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliagiza watu wenye uwezo wa kufanya kazi waandikishwe, na mkazi wa mjini alitakiwa kuthibitisha kwamba anayo kazi inayotambulika. Mchuuzi wa karanga aliamka kila alfajiri akatafuta riziki, lakini mbele ya msako jibu lake halikuhesabiwa kuwa jibu. Wengi walikamatwa na kupelekwa vijijini au mashambani. Hata hivyo, palikuwa na mtu upande wa pili wa meza. Karani alikuwa na upendeleo wake, na pengine alitaka chai. Lakini aliweza kuelezwa, kubembelezwa, hata kuona aibu. Mjumbe wa nyumba kumi angeweza kumwambia, “Huyu namfahamu, ni wetu.”

Skripti haina mjumbe. Chukua menyu kunjuzi za makazi: unateua mkoa, skripti inakuletea wilaya, unateua wilaya, inakuletea kata. Usichokiona katika orodha huwezi kukichagua. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la zamani ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Mkazi wa Kariakoo hakuhama hata hatua moja, ila jina la halmashauri yake lilibadilika. Palipo na orodha ya zamani, yeye ndiye atakayeonekana amekosea.

Mwanafunzi mmoja wa kompyuta aliniambia jambo ambalo ningependa kila mwagizaji wa mifumo alisikie. Ukaguzi wa ndani ya kivinjari hauilindi ofisi hata kidogo, kwani mjuzi anaweza kuuzima. Ulinzi wa kweli hufanyika kwenye seva. Kazi ya skripti ni kumsaidia mjazaji tu. Kama ni hivyo, kwa nini impinge? Ingeweza kuuliza, “Je, una majina mawili tu?” kisha ikampisha. Kwa maelezo yake, kukiondoa kisanduku cha jina la kati katika orodha ya vinavyolazimishwa ni suala la neno moja. Neno hilo mtu aliliandika, na huenda hakujua kwamba ameamua nani ana jina kamili na nani hana. Kwa wazee wengi wa Pwani, jina lako na la baba ndilo jina kamili.

Yule mama alilipa, akaitazama risiti iliyochapwa yenye jina la marehemu baba yake mara mbili. Aliuliza wakati wa kuhakikiwa itakuwaje, maana kitambulisho kinasema vingine.

“Hapo sasa, mama,” kijana alijibu, “itabidi uende ofisini ukaonane na karani.”