Sala ya Usiku na Kipimo Chake

Wasikilizaji wetu, watu wengi hudhani ya kuwa kusali usiku ni kazi ya watawa na wanachuoni tu, wala si ya mkulima au mvuvi aamkaye alfajiri kwenda kazini. Lakini tukiisoma tarehe ya Uislamu twaona kwamba sala hii iliwekewa kipimo tangu mwanzo, ili kila mtu aiweze.

Hapo kwanza, katika mji wa Makka, Mtume Muhammad na wafuasi wake wachache waliamrishwa katika Sura ya Muzzammil kusimama karibu nusu ya usiku. Bibi Aisha alisimulia kwamba walifanya hivyo mwaka mzima. Kisha ikashuka aya ya mwisho ya sura hiyo, ikawapunguzia mzigo, wasome yaliyo mepesi. Sababu nazo zikatajwa: miongoni mwao watakuwamo wagonjwa, na wasafiri watafutao riziki, na wapiganao vita. Tazameni basi jinsi kazi ya mchana ilivyoangaliwa katika ibada ya usiku.

Hata hivyo walikuwako waliotaka kuzidisha. Abdullah bin Amr, kijana mwenye bidii, alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume akamwonya kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe pia. Yeye alijiona ana nguvu, akaomba aachiwe zaidi. Alipokuwa mzee alilemewa na desturi yake, asipende kuiacha, akatamani lau angalikubali ile nafuu.

Habari ya tarawehe yatufundisha vivyo hivyo. Usiku mmoja wa Ramadhani Mtume alisali msikitini Madina, watu wakamfuata. Usiku uliofuata wakazidi, hata msikiti ukajaa. Kisha hakutoka tena. Asubuhi akawaeleza ya kuwa alichelea isije ikafaradhiwa juu yao, wakashindwa. Baada ya kufa kwake mwaka 632, watu wakabaki wakisali mbalimbali, huyu peke yake, wale kwa kikundi. Khalifa Umar bin Khattab ndiye aliyewakusanya nyuma ya imamu mmoja, Ubayy bin Kaab. Wanachuoni wa tarehe hutaja Ramadhani ya mwaka 14 wa Hijra, yaani 635. Umar aliipenda jamaa ile, lakini akawakumbusha kwamba sala ya mwisho wa usiku, saa waliyokuwa wakiilalia, ni bora zaidi.

Jina lenyewe la tarawehe latokana na neno la Kiarabu la kupumzika, kwa kuwa kila baada ya rakaa nne watu walikaa kidogo. Zamani za Imam Malik, aliyefariki mwaka 795, watu wa Madina walisali rakaa 36. Wafuasi wa Imam Shafii, ambao ndio wengi katika Waislamu wa mwambao wetu, husali 20.

Basi lililo kubwa ni kudumu. Hata Lailatul Kadiri haikuwekewa usiku mmoja ujulikanao. Watu waliambiwa waitafute katika kumi la mwisho, usiku wa 21, 23, 25, 27 na 29. Mkulima asaliye rakaa mbili kila usiku, kisha akaamka na kushika jembe lake, yu karibu na mafundisho haya kuliko yule akeshaye usiku mmoja na kulala mwaka mzima. Haba na haba hujaza kibaba.