Madoadoa Si Tusi

Kila mjadala wa mtandaoni ukichemka, hakosi mtu wa kuuliza adabu ilienda wapi. Ati zamani Waswahili walibishana kwa heshima, sisi vijana ndio tumeleta uchafu. Hiyo hadithi mimi hainiingii akilini.

Hebu twende Mombasa ya mwanzo wa karne ya 19, enzi za Wamazrui. Malenga wa mji, Muyaka bin Haji, hakuwabembeleza mahasimu wa Mombasa. Aliwachoma kwa mashairi. Mombasa na Pate zilipoungana dhidi ya Lamu, vita viliishia Shela, Lamu ikashinda. Lakini mbali na mikuki, kejeli na vitisho vya washairi vilivuka bahari huku na huku.

Hata hivyo, mchezo ulikuwa na masharti. Usipojua vina na mizani, unanyamaza. Ukirusha dongo, unajulikana wewe ni nani na wa mji gani, na jibu litakufuata hadi mlangoni. Na dongo lenyewe hufungwa ndani ya fumbo. Wanawake wa Pwani wana yao hadi leo: leso inamwambia jirani kile ambacho mdomo haukutaka kutamka.

Sasa, fumbo hilo hilo lina upande wa pili. Katika Bonde la Ufa, siasa za vyama vingi zilipoanza miaka ya 1990, kulizuka maneno ya kuondoa "madoadoa". Litazame neno hilo. Halina aibu yoyote, hata mbele ya mama mkwe unaweza kulitamka. Doa ni kitu cha kwenye shati. Lakini waliokuwa wakisikiliza walijua ni majirani gani wanaosemwa, na walijua doa hufanywa nini: hufutwa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Sisemi neno moja ndilo lililoua. Kulikuwa na kura, mashamba, pesa na risasi. Ila ni rahisi zaidi kumchomea mtu nyumba ukishazoea kumwita uchafu.

Sheria nayo imehangaika. Kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kiliwafikisha watu kortini kwa ujumbe wa kuudhi, hadi Mahakama Kuu ilipokifuta Aprili 2016 kwa kuwa hakikueleza wazi kosa ni lipi. Mwaka 2022, tume ya utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Madoadoa limo. Kwekwe pia limo, na kwekwe, kama ujuavyo, hung'olewa.

Orodha ni sawa, lakini fumbo halikai foleni kungoja kuandikwa. Likipigwa marufuku leo, kesho linakuja na nguo nyingine.

Ndiyo maana msee akimporomoshea mbunge wake matusi ya nguoni, mimi nitakunja uso tu na kupita. Ninayemwogopa ni yule mwenye Kiswahili safi, asiyetukana, anayeanza na salamu, kisha kwa upole kabisa anatukumbusha kwamba shamba lina magugu na msimu wa palizi umefika.