Nunataki: Neno la Wainuiti lililotalii dunia nzima

KATIKATI ya barafu ya Greenland, ambayo mahali pengine unene wake hupita kilomita tatu, huchomoza vilele vya miamba vilivyozingirwa na barafu pande zote. Wanajiografia huviita nunataki. Neno hili si la Kilatini wala Kigiriki. Ni la Wainuiti wa Greenland.

Shina lake ni ‘nuna’, yaani ardhi au nchi. Ndilo lililomo katika Kalaallit Nunaat, jina la Greenland kwa wenyeji, na katika Nunavut, eneo la Kanada lililoundwa mwaka 1999. Kwa hivyo, kilele hicho hakikupewa jina la barafu inayokizunguka, bali la ardhi inayosalia.

Ebu tazama tahajia yake. Mnamo 1851, mmishonari Samuel Kleinschmidt, mzaliwa wa Greenland, alichapisha sarufi ya lugha hiyo. Katika tahajia yake, sauti ya mwisho ya neno hili, inayotamkiwa nyuma kabisa ya kinywa, iliandikwa kwa herufi maalumu iliyofanana na ‘k’. Wazungu wakaichukua kuwa ‘k’. Tahajia iliporekebishwa mwaka 1973, wenyeji walianza kuandika ‘nunataq’. Dunia ilibaki na ‘k’ yake.

Mnamo 1878, msafara ulioongozwa na Mdenmarki J.A.D. Jensen ulivuka barafu hadi kwenye nunataki na kukuta mimea ikimea huko. Je, mimea iliweza kunusurika enzi ya barafu juu ya vilele kama hivyo? Mwaka 1925, mtaalamu wa mimea Merritt Fernald wa Chuo Kikuu cha Harvard alitetea hoja hiyo kuhusu Amerika Kaskazini, na mjadala ukapamba moto. Neno nalo likafika hadi Antaktika, bara lisilo na wenyeji.

Mtu atauliza: sisi Waswahili yatuhusu nini? Yanatuhusu. Pwani yetu haina barafu, lakini ‘barafu’ tuliipata kwa Waajemi na ‘theluji’ kwa Waarabu. Nasi tukaipa dunia ‘safari’. Wakazi wa Greenland hawafiki hata 60,000, ila tangu 2009 lugha yao ndiyo pekee iliyo rasmi nchini humo.

Basi kamusi zetu ziliingize neno hili katika ngeli ya I-ZI: nunataki hii, nunataki hizi. Na asili yake itajwe waziwazi kuwa ni Kiinuiti. Mkopaji mwema humtaja aliyemkopesha.