Wekundu Uliopotea Mara Mbili: Kamera za Dijitali Zilizorekebishwa katika Historia ya Picha za Anga la Mbali

Historia ya upigaji picha wa anga la mbali mara nyingi husimuliwa kama safari iliyonyooka, kutoka bamba la kioo hadi kihisi cha dijitali, ambapo kila chombo kipya huona zaidi ya kilichokitangulia. Insha hii inajenga hoja tofauti. Kwa kufuatilia mwanga mmoja tu, yaani mwanga mwekundu wa haidrojeni wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, inaonyeshwa kwamba chombo kipya kilirudisha upofu wa zamani, na kwamba upofu huo wa pili ulitokana na uamuzi wa watu, si udhaifu wa maumbile.

Mwanga huo una uzito wa pekee. Nebula nyingi angavu ni mawingu ya haidrojeni yanayopewa nishati na mionzi ya urujuanimno kutoka nyota changa zenye joto kali. Elektroni zinaporudi kwenye ngazi za chini za nishati, mwanga huu mwekundu hutolewa kwa wingi. Picha inayoukosa hukosa sehemu kubwa ya umbo la nebula yenyewe.

Upotevu wa kwanza ulikuwa wa kikemia. Tarehe 30 Septemba 1880, Henry Draper alipiga picha ya Nebula ya Orion nchini Marekani kwa kuliacha bamba lipokee mwanga kwa dakika 51. Mabamba ya wakati huo yaliitikia hasa mwanga wa buluu, kwa kuwa chumvi za madini ya fedha kwa asili hazihisi wekundu. Hermann Wilhelm Vogel alikuwa amekwisha kugundua, mwaka 1873, kwamba dutu fulani za rangi zikiongezwa kwenye utando wa bamba huufanya uhisi mawimbi marefu zaidi. Matunda ya ugunduzi huo yalionekana wazi katika upimaji wa anga uliofanywa Palomar kuanzia mwaka 1949, ambapo kila eneo lilipigwa picha kwa bamba la buluu na bamba jekundu. Kwa kutegemea mabamba hayo, Stewart Sharpless alichapisha mwaka 1959 orodha ya maeneo 313 ya haidrojeni iliyoionishwa.

Upotevu wa pili ulikuja pamoja na kamera za dijitali za bei nafuu. Canon EOS 300D ya mwaka 2003, iliyouzwa kwa chini ya dola 1,000, iliwapa watazamaji wa anga wasio na taasisi kihisi chenye uwezo mkubwa. Hata hivyo, nebula nyekundu zilitoka zimefifia. Kasoro haikuwa ya silikoni, ambayo huhisi mwanga hadi karibu nanomita 1,000. Mbele ya kihisi watengenezaji waliweka kichujio cha kuzuia miale ya infraredi, ili rangi za ngozi, nguo na majani zilingane na zinavyoonekana kwa jicho. Kichujio hicho kilianza kupunguza wekundu kabla ya kufika kwenye infraredi, na mwanga wa haidrojeni ukazuiwa kwa kiasi kikubwa.

Watumiaji hawakusubiri ruhusa. Waliifungua kamera, wakakiondoa kichujio na kuweka mahali pake kingine kinachopitisha wekundu, au kioo cheupe cha unene unaofaa ili fokasi isihame. Gharama yake ilikuwa halisi: dhamana ya mtengenezaji ilipotea, na picha za mchana ziligeuka nyekundu isipokuwa mizani ya weupe irekebishwe. Watengenezaji walifuata baadaye. Canon ilitoa EOS 20Da mwaka 2005, 60Da mwaka 2012 na EOS Ra mwaka 2019. Nikon ilitoa D810A mwaka 2015. Kwa D810A na EOS Ra, watengenezaji walitaja upitishaji wa mwanga huo wa takriban mara nne ya kamera za kawaida za aina hiyo.

Haifai kuhitimisha kwamba kichujio cha awali kilikuwa kosa. Kwa galaksi, vishada vya nyota na nebula zinazoakisi mwanga wa buluu, kamera isiyorekebishwa hutosha. Wala marekebisho hayaondoi kila kikwazo: katika kihisi cha kawaida cha rangi, ni pikseli moja tu kati ya nne inayopokea wekundu.

Jambo la msingi ni la kimbinu. Kichujio kilibeba dhana kuhusu mtumiaji ni nani na rangi sahihi ni ipi, na dhana hiyo ikaingia katika kila picha bila kutajwa. Mtafiti anayetumia picha za kipindi hicho kama ushahidi hana budi kuuliza kwanza kamera iliruhusiwa kuona nini. Kutoonekana kwa nebula katika picha si uthibitisho kwamba haikuwapo, wala kwamba kihisi hakikuweza kuiona.