Kumtambua Mungu wa Nile kwenye Sarafu Iliyosagika

Sarafu zilizofuliwa Alexandria enzi za Warumi zilikusudiwa kutumika ndani ya Misri. Nyingi zilizotufikia zimesagika kiasi kwamba pua ya kaizari imelingana na shavu lake, na jina lake limetoweka. Hata hivyo, anayejua pa kutazama bado anaweza kuzisoma.

Taswira moja husumbua sana: mtu aliyejilaza, ameegemea kiwiko. Anaweza kuwa Nilus, mungu wa mto, au Tyche, mungu wa kike wa bahati. Uso ukishafutika, kinachobaki ni kutazama alichoshika. Nilus yuko kifua wazi, ana tete na pembe iliyojaa mazao, na mara nyingi mamba yuko karibu naye. Tyche amelala juu ya kitanda, na mkononi ana usukani wa chombo. Penye Nilus, pengine huonekana pia herufi za Kigiriki zinazosomeka 16. Hizo ni dhiraa za mafuriko. Mwandishi wa Kirumi Pliny Mzee aliandika kwamba maji ya Nile yakifika kina hicho, Misri hufurahi.

Mungu Serapis hutambulika kwa kipimo cha nafaka kichwani, mfano wa pishi. Mungu wa kike Isis, kama mlinzi wa baharini, hushika tanga lililojaa upepo, na kwenye baadhi ya sarafu anaelekea mnara maarufu wa taa wa Pharos.

Unapochunguza sarafu, taa iwekwe ubavuni, si juu. Sehemu zilizoinuka husagika kwanza, ila mabonde kando ya miguu na herufi hudumu, na kivuli huyaonyesha. Giovanni Dattari, Mwitaliano aliyeishi Cairo na kuchapisha katalogi yake kubwa mwaka 1901, aliweka karatasi juu ya sarafu na kuisugua kwa penseli mpaka umbo likajitokeza. Nakala hizo za penseli ni hazina. Watafiti wanazitumia hadi leo.

Kisha kuna tarehe. Alama inayofanana na L humaanisha mwaka, nayo hufuatwa na herufi za Kigiriki zinazohesabu miaka ya utawala. Mwaka wa Misri ulianza mwishoni mwa Agosti, hivyo kaizari aliyetawazwa Julai aliingia mwaka wake wa pili baada ya wiki chache tu. Sarafu ya mwaka wa 16 haiwezi kuwa ya Nero, aliyetawala miaka 14. Kama kidevuni kuna dalili ya ndevu, Hadrian na Antoninus Pius wote wanafaa, na hapo mtafiti hurudi kwenye mabaki ya herufi ukingoni.